Mota za Stepa kwenye CNC Ndogo: Kufunga, Kuseti na Kutafuta Hitilafu

Ukiwa na mashine ndogo ya CNC, yaani ya kuchonga inayoongozwa na kompyuta, hapa Tanga kazi hazikosi. Leo mtu analeta puli iliyopasuka ya mashine ya kukunia nazi, kesho mvuvi anataka bamba la alumini la kushikia injini ya boti, keshokutwa mwenye duka anataka kibao cha mlangoni. Kinachowakwamisha mafundi mara nyingi si mchoro wala malighafi, ni mota. Mashine inaanza vizuri, inachonga nusu saa, halafu mhimili mmoja unahama milimita moja bila dalili yoyote, na kipande kilichokwisha kulipiwa kinaishia kwenye chakavu.

Mwongozo huu ni wa mashine za mezani zenye mota za NEMA 17 au NEMA 23, draiva za kawaida, na kontrola inayotumia Grbl, programu inayogeuza maagizo ya kuchonga kuwa pulsi za mota. Anayetumia programu nyingine kama Mach3 au LinuxCNC atabadilisha tu mahali pa kuandika namba. Namba ya NEMA inaeleza ukubwa wa uso wa mota basi: 17 ina uso wa milimita 42 na matundu ya bolti yaliyoachana milimita 31, 23 ina uso wa milimita 57 na matundu yaliyoachana 47.14. Haisemi lolote kuhusu nguvu. Mota mbili za NEMA 23 zinaweza kupishana nguvu mara tatu, kwa hiyo soma lebo.

Kuna jambo moja ambalo ukilishika, nusu ya matatizo utayatatua mwenyewe. Stepa ya kawaida, yaani mota inayozunguka hatua kwa hatua, hairudishi taarifa. Kontrola inatuma pulsi, draiva inaipokea na kupeleka umeme kwenye koili, mota inasogea hatua. Ikishindwa kusogea, kontrola haina habari. Ni sawa na mtu anayevuka chumba chenye giza kwa kuhesabu hatua: akijikwaa, anaendelea kuhesabu vilevile. Ndiyo maana kila tabaka, kuanzia vyuma, nyaya, umeme, pulsi hadi kasi, inabidi lipimwe peke yake kabla kisu hakijagusa chuma. Fundi anayeruka tabaka atalipa baadaye, tena kwa kipande cha mteja.

Anza na vyuma

Tenganisha mota na skrubu ya kuendeshea meza. Zungusha skrubu kwa vidole kutoka mwanzo wa mhimili hadi mwisho. Ugumu unatakiwa uwe uleule safari nzima. Ukikuta sehemu inayokaza, usiendelee na umeme, tafuta sababu. Inaweza kuwa reli zisizo sambamba, gibu (kipande kinachobana ulegevu wa reli) iliyobanwa kupita kiasi, skrubu iliyopinda, au kutu. Sisi tulio karibu na bahari, kutu ndiyo ya kwanza kushukiwa. Hewa ya chumvi inaanza na reli na beringi kabla haijaonekana kwenye bodi, na mashine iliyolala wiki mbili za masika bila kupakwa mafuta inaamka nzito. Mafuta mepesi kwenye reli, grisi kidogo kwenye nati, kila wiki.

Kisha kapulingi, yaani kile kiungo kati ya mota na skrubu. Hapa panahitaji macho. Shafti ya mota nyingi ina upande mmoja uliosawazishwa. Kwenye kapulingi kuna skrubu ndogo za aleni, na mojawapo lazima ikae juu ya ule upande bapa, sawasawa, isikae ukingoni. Ikikaa ukingoni utaikaza leo na itaonekana imeshika, lakini baada ya saa chache za kwenda na kurudi itajisogeza hadi katikati ya bapa na kulegea. Ndipo unaona vipande vinatoka na vipimo vya ajabu wakati mota na draiva ni nzima. Kapulingi ya kubana shafti mzima kwa bolti ya pembeni ni bora zaidi kuliko ya skrubu ndogo, na tofauti ya bei si kubwa. Kama una ya skrubu ndogo, weka tone la gundi ya kuzuia skrubu isilegee, ile ya buluu ambayo bado inafunguka kwa funguo.

Kulinganisha mota na skrubu kuna njia rahisi. Peleka meza hadi nati iwe karibu kabisa na upande wa mota, legeza bolti nne za mota ili ijitafutie mahali pake, kisha zikaze kidogo kidogo kwa mshazari. Zungusha tena kwa mkono. Ukihisi ugumu unakuja na kuondoka kila mzunguko mmoja, bado haijalingana.

Chora mstari kwa kalamu ya rangi kutoka kwenye shafti ya mota, upite juu ya kapulingi, hadi kwenye skrubu. Mstari huo utakusaidia sana tukifika kwenye hitilafu.

Kutambua nyaya

Mota nyingi za siku hizi zina nyaya nne: koili mbili, kila koili na ncha mbili. Usiamini rangi. Kuna mpangilio unaoonekana mara nyingi, mweusi na kijani koili moja, mwekundu na buluu koili nyingine, lakini viwanda havifuati sheria moja. Chukua mita, weka kwenye omu. Nyaya mbili zinazotoa namba ndogo ni za koili moja. Zisizopitisha kitu ni za koili tofauti. Koili ya NEMA 23 ya ampea 2.8 ina kama omu 1 tu, na mita ya bei nafuu inaongeza ukinzani wa nyaya zake yenyewe, kwa hiyo gusanisha kwanza ncha za mita, soma namba, uitoe. Koili zote mbili zilingane. Kisha pima kila waya na mwili wa mota: pasiwe na njia kabisa. Ikiwepo, mota hiyo weka pembeni.

Huna mita karibu? Zungusha shafti kwa vidole, halafu gusanisha nyaya mbili mbili. Ukipata jozi ya koili moja, shafti inakuwa nzito ghafla.

Mota ya nyaya sita ina waya wa katikati kwa kila koili. Ukipima, katikati hadi ncha yoyote ni nusu ya ncha hadi ncha. Kwa draiva zetu, tumia ncha mbili za mwisho, waya wa katikati uufunike kwa tepu usiguse kitu, na useti mkondo kama asilimia 70 ya ulioandikwa kwenye lebo. Za nyaya nane fuata karatasi ya kiwanda chake.

Ncha zinazoingia kwenye skrubu za draiva usizipake risasi ya kulehemu. Risasi inakandamizwa, inalegea yenyewe taratibu, na kiungo kinaanza kupata moto. Tumia vichwa vya kubana kwa koleo. Na jambo hili lisisahaulike hata siku moja: usichomoe wala kuchomeka waya wa mota wakati draiva ina umeme. Koili ikikatwa ghafla inatoa volti kubwa ya kurudi, na draiva nyingi zilizokufa zilikufa kwa njia hiyo. Waya unaolegea wakati mashine inafanya kazi una madhara yaleyale.

Volti za kwenye lebo zisikutishe

Lebo ya mota inaweza kuandika ampea 2.8 na volti 2.5. Mtu anauliza, na ana haki ya kuuliza: mota ya volti 2.5 naifungaje kwenye pawa saplai ya volti 36? Jibu ni kwamba hiyo 2.5 ni hesabu tu ya mkondo mara ukinzani wa koili, 2.8 × 0.9. Draiva za sasa hazimwagi volti zote muda wote. Zinafungua umeme, zinapima mkondo ukipanda, ukifika ulioseti zinakata, zinafungua tena, maelfu ya mara kwa sekunde. Volti kubwa inahitajika kwa sababu koili inapinga mkondo kupanda haraka. Mota ikienda polepole mkondo unapata muda wa kufika. Ikienda mbio, muda wa kila hatua unakuwa mfupi, mkondo haufiki, nguvu inashuka. Volti kubwa inausukuma mkondo ufike mapema. Hii ndiyo sababu mashine ileile yenye volti 12 inakwama ikikimbia, na ukiweka 36 inakwenda.

Kikomo kipo. Kanuni inayotumika sana na wajenzi wa CNC ni 32 mara kipeuo cha pili cha induktansi ya koili (kipimo cha huko kupinga mkondo) kwa milihenri. Mota ya milihenri 2.5 inapata kama volti 50. Hicho ni kikomo cha juu, si lazima ukifikie. Kikomo kingine ni cha draiva: A4988 ni volti 35, DRV8825 ni 45, DM542 ni kuanzia 20 hadi 50. Mimi naacha nafasi, kwa kuwa meza nzito ikifunga breki mota inarudisha umeme kwenye pawa saplai na volti zinapanda kwa muda. Kwa DM542, volti 36 inatosha na inakupa usingizi.

Ampea za pawa saplai hazihitaji kuwa jumla ya mota zote. Theluthi mbili ya jumla inatosha kwa kawaida. Mota tatu za 2.8 ni 8.4, theluthi mbili ni 5.6. Pawa saplai ya volti 36 yenye wati 350 inabeba hizo bila shida.

Kabla ya kuichomeka ukutani, angalia pembeni kama ina kiswichi cha kuchagua 115 au 230. Kwetu ni 230. Ikiachwa kwenye 115 italipuka mara moja. Weka fyuzi, funga ethi kwenye mwili wa pawa saplai na kwenye fremu ya mashine, na uhakikishe ethi ya jengo ni ya kweli, si tundu la soketi lisiloenda popote. Kitufe cha dharura kikate umeme wa draiva na spindo (mota inayozungusha kisu), kikae mahali mkono unapofika bila kuvuka juu ya kisu.

Kuseti mkondo

Kwenye DM542 na ndugu zake, mkondo unasetiwa kwa swichi ndogo tatu za kwanza, na jedwali limechapwa juu ya kasha. Jedwali lina safu mbili, ya kilele na ya wastani. Mstari mmoja unasoma kilele 2.84 na wastani 2.03. Kwa mota ya 2.8, anza kwenye mstari huo. Mota ikipoa vizuri na bado inahitaji nguvu, panda mstari mmoja, baada ya hapo pima joto tena. Swichi ya nne inashusha mkondo hadi nusu mota ikisimama. Iache ikiwa kwenye nusu, isipokuwa mhimili wa Z wenye spindo nzito inayoteremka yenyewe.

Draiva ndogo kama A4988 zina kiskrubu cha kugeuza, na unapima volti kati yake na waya wa sifuri (GND). Kwanza angalia vipande viwili vyeusi vya ukinzani kwenye bodi. Vikiandikwa R100, volti unayotaka ni ampea mara 0.8, vikiandikwa R050, ni ampea mara 0.4. Kwa DRV8825 ya kawaida, volti ni nusu ya ampea. Ukikosea kusoma vipande hivyo unaweza kupeleka mkondo mara mbili bila kujua. Draiva hizi bila bamba la kupoza na feni hazifiki ampea zinazotangazwa. A4988 ichukulie kama ya ampea 1. Karibu na kila moja pawe na kapasita ya angalau maikrofaradi 47 kwenye njia ya umeme wa mota.

Stepa kupata moto ni kawaida. Mwili wa nyuzi 60 au 70 za Selsiasi hauwezi kuushika kwa mkono, lakini mota haijaumia. Nyingi zinaruhusiwa kufika 80 kwa nje. Ila msimu wa kaskazi karakana yenye bati inaweza kuwa nyuzi 35 kabla hujawasha kitu, kwa hiyo kipimo ulichofanya usiku wa Julai usikitegemee mchana wa Februari.

Pulsi, na hesabu ya hatua kwa milimita

Draiva za kasha zina PUL (pulsi), DIR (mwelekeo) na ENA (kuwasha au kuzima draiva), kila moja na chanya na hasi. Kwa Arduino Uno yenye Grbl, unganisha hasi zote kwenye sifuri ya Uno. Chanya za PUL za X, Y, Z ziende pini 2, 3, 4, na za DIR ziende 5, 6, 7. ENA ukiiacha wazi, draiva inabaki imewashwa. Pembejeo hizi ni za volti 5. Kontrola ya volti 24 inahitaji rizista ya kama kiloomu 2 kwenye kila mstari, la sivyo unaunguza taa ya ndani ya draiva.

Hesabu sasa. Stepa ya nyuzi 1.8 ina hatua kamili 200 kwa mzunguko. Zidisha kwa maikrostepu (vipande ambavyo draiva inagawa kila hatua) ulizoseti kwenye swichi, gawanya kwa umbali ambao nati inasafiri kwa mzunguko mmoja. Bolskrubu (skrubu ambayo nati yake ina vigololi ndani) ya 1605 inasafiri milimita 5: 200 × 16 ÷ 5 = 640. Ya 1204 inasafiri 4, inakuwa 800. Skrubu ya T8 iliyozoeleka kwenye mashine ndogo inawachanganya wengi. Nafasi kati ya uzi na uzi ni milimita 2, lakini ina nyuzi nne zinazoanza pamoja, kwa hiyo nati inasafiri milimita 8 kwa mzunguko. Zipo pia T8 zinazosafiri 2 au 4. Usikisie, chora alama, zungusha mara 10, pima kwa venia.

Andika kwenye Grbl: `$100`, `$101`, `$102` kwa X, Y na Z.

Maikrostepu ngapi? Mimi nasema 8 au 16, basi. Wengi wanapandisha hadi 32 au 64 wakidhani wanapata usahihi. Wanachopata ni ulaini. Kwenye 16, nguvu inayobaki ya kuisogeza mota maikrostepu moja ni kama asilimia 10 tu ya nguvu yake ya kushikilia. Msuguano wa reli unaimeza. Na kuna gharama: Grbl kwenye Uno inatoa pulsi zisizozidi 30,000 kwa sekunde. Kwa 640 hiyo ni kama milimita 2,800 kwa dakika. Ukiweka 32, umejikata kasi nusu.

Mwendo wa kwanza

Meza ikae katikati, kisu kisiwepo, mkono karibu na kitufe cha dharura. Weka kasi ndogo kwenye `$110` hadi `$112`, tuseme 500, na mwongezo wa kasi `$120` hadi `$122` uwe 30. Sogeza milimita 10. Mhimili ukienda kinyume, badilisha `$3`, au zima umeme ubadilishane nyaya mbili za koili moja. Kumbuka Z chanya ni kwenda juu. Kama draiva zako zinazimwa na Grbl mota zikisimama, weka `$1=255` zibaki na umeme, meza isisogezwe na mtetemo.

Sasa thibitisha umbali. Weka daili geji au venia, sogeza kwanza kidogo upande unaoelekea ili kuondoa mchezo wa nati (ulegevu wake kwenye skrubu), sifurisha, kisha agiza milimita 50 upande uleule. Ukipata 25 au 100, maikrostepu au safari ya skrubu imekosewa. Ukipata 49.9, usikimbilie kubadilisha hesabu ya skrubu nzuri. Hesabu ya skrubu ni ya kiwanda na iko karibu sana na ukweli. Tofauti ndogo mara nyingi inatokana na mchezo, kapulingi, au geji iliyokaa kimshazari. Anayerekebisha `$100` ili kuficha mchezo atapata kipimo sahihi upande mmoja na kosa upande wa pili.

Kutafuta kasi

Pandisha kasi ya mhimili mmoja mmoja, 500, 800, 1,100, ukiendesha kwenda na kurudi urefu wote, hadi mota ilie na kusimama. Haitaharibika, ni mlio tu. Chukua asilimia 60 ya kasi hiyo. Milimita 2,000 kwa dakika kwenye skrubu ya 5 ni mizunguko 400 kwa dakika, na kwa mashine ya kuchonga alumini hakuna sababu ya kutaka zaidi. Kisha fanya hivyohivyo kwa mwongezo wa kasi, nao uuchukulie nafasi ileile. Mwongezo ndio unaoangusha mashine nyingi wakati wa njia zenye kona fupi fupi, hata kama kasi yenyewe ni ndogo.

Kuna kasi fulani ya chini, kama mzunguko mmoja au miwili kwa sekunde, ambapo stepa hunguruma na kutetemeka kuliko kawaida. Ikitokea, ongeza maikrostepu kutoka 2 au 4 hadi 8, kaza mota vizuri, na epuka kuchonga kwa kasi hiyohiyo.

Mota inalia haizunguki

Koili moja imekatika au nyaya za koili mbili zimechanganywa. Zima, subiri taa ya draiva ififie, pima kwenye plagi ya upande wa draiva ili upime na kebo. Itikise kebo huku unapima. Waya unaokatika ndani ya ganda unajionyesha hapo. Koili zikiwa nzima, hamisha mota hiyo kwenye draiva ya mhimili mwingine. Tatizo likihama na mota, ni mota au kebo. Likibaki kwenye mhimili, ni draiva au pulsi. Kubadilishana hivi ndiyo njia ya haraka kuliko zote. Usiifungue mota yenyewe kuangalia ndani. Ukiitoa rota (sehemu ya ndani inayozunguka) nje, sumaku inaweza kupungua nguvu, na hairudi.

Shafti ikiwa laini kabisa, haishiki, angalia ENA, kisha taa nyekundu ya draiva: mkondo uliozidi, volti zilizozidi, au koili yenye shoti.

Kipimo kinahama

Hapa ndipo muda mwingi unapotea, na ndipo daili geji inapojilipa. Sifurisha geji, endesha programu ya kwenda na kurudi bila kuchonga, rudi kwenye sifuri, soma. Ukubwa wa kosa unazungumza. Rota iliyoteleza haisimami popote. Inashika tena baada ya hatua kamili nne, au kizidisho cha nne. Hatua nne ni nyuzi 7.2, na kwenye skrubu ya milimita 5 ni milimita 0.1 kamili. Kosa likiwa 0.1, 0.2, 0.5, mota imezidiwa nguvu: kasi, mwongezo, mkondo mdogo, reli inayokaza, au kisu butu. Pima pia volti za pawa saplai mihimili yote ikianza pamoja. Ikishuka kutoka 36 hadi 30, pawa saplai ni ndogo.

Kosa likiwa dogo, halina mpangilio wa 0.1, na linakua upande mmoja kadiri mashine inavyogeuza mwelekeo, shuku muda wa DIR na PUL. Draiva inataka kujua mwelekeo kabla pulsi haijafika; DM542 inataka angalau maikrosekunde 5. Isipopata, maikrostepu moja inaenda upande usio wake kila mgeuko. Kwenye 640, hiyo ni milimita 0.0016, huioni. Lakini andika programu ya kwenda na kurudi mara 200, na kosa litajikusanya hadi geji ilionyeshe wazi. Dawa ni kugeuza alama ya pulsi kwa `$2`, au kuwasha `STEP_PULSE_DELAY` kwenye faili la config.h na kupakia Grbl upya. Acha `$0` kwenye 10.

Kosa lisilo na mpangilio wowote, angalia ule mstari wa rangi kwenye kapulingi. Ukivunjika, umeshapata jibu.

Duara linatoka kama yai

Tundu la puli la milimita 20 linapima 20 upande mmoja na 19.8 upande mwingine, lakini mashine inarudi kwenye sifuri yake vizuri. Huo ni mchezo, mota haina kosa. Sukuma meza kwa mkono huku mota ina umeme na geji imegusa meza. Ikicheza, fuata njia: beringi za mwisho wa skrubu, nati, gibu. Mara nyingi ni nati ya kubana beringi iliyolegea. Grbl ya kawaida haina fidia ya mchezo, kwa hiyo usitafute dawa kwenye programu. Hadi utakaporekebisha, panga njia ya kisu ili meno yapambane na mwendo wa meza. Yakivuta upande meza inakokwenda, yatairusha meza mbele kwa kiasi cha mchezo uliopo.

Mashine inasimama na kengele bila kugusa swichi

Kelele ya umeme. Kebo ya spindo imepita pamoja na nyaya za swichi za mwisho wa mhimili. Zitenganishe, na zikilazimika kukutana zikatane kwa pembe mraba. Tumia kebo yenye wavu wa kinga, wavu ufungwe ethi upande mmoja tu, wa kontrola. Swichi ziwe za aina inayofunga njia muda wote na kukata ikiguswa, na `$5=1`; waya ukikatika utajua mara moja. Kapasita ya maikrofaradi 0.1 kati ya pini ya swichi na sifuri inazima mengi yaliyobaki.

Umeme ukikatika katikati ya kazi

Umeme ukirudi, usibonyeze kuendelea. Mota zikipoteza umeme rota zinakaa zinapotaka na Grbl inaanza upya bila kumbukumbu ya mahali. Ndiyo maana swichi za nyumbani, zile zinazoionyesha mashine mahali pake pa kuanzia, zina thamani kubwa kwetu: washa `$22`, na kila ukifunga kipande andika umbali wa sifuri yake kutoka nyumbani, au uhifadhi kwenye G54, kumbukumbu ya Grbl ya sifuri ya kipande. Inua Z kwanza kwa mkono, tuma `$H`, rudi kwenye sifuri ya kipande, hakikisha kwa geji, halafu anza kwenye mstari salama kabla ya ule uliokatikia. Yuu-pii-esi ya kompyuta peke yake haiokoi kazi kama mota zimezimika.

Mashine ikishatulia, tuma `$$`, nakili namba zote kwenye karatasi pamoja na hali ya kila swichi ya draiva, rangi za nyaya na volti ulizopima, uigandishe ndani ya mlango wa boksi la umeme. Boksi lenyewe lifunge vizuri na feni iwe na kichujio, kwa kuwa unyoya mmoja wa alumini kati ya miguu ya draiva unatosha kuiua. Kila miezi michache zima umeme, fungua boksi, kaza skrubu zote za nyaya, na plagi zenye ukungu wa kijani uzikate ubane mpya.